Sheria yaweza kufunga kanisa, haiwezi kumfundisha muumini



Kila mara makaburi yanapofukuliwa mahali palipokuwa na ibada, swali hurudi lile lile: serikali ilikuwa wapi? Ni swali la haki na linastahili jibu. Lakini lipo swali la pili, ambalo sisi watu wa dini hatuliulizi kwa sauti kubwa kama hilo la kwanza: waliokufa walikuwa wamefundishwa nini juu ya Mungu kabla ya kukutana na yule mhubiri, na nani aliwafundisha? Jumapili ya leo naomba tutulie kidogo na swali hilo la pili.

Tukumbuke kwanza yaliyotokea. Mwezi Aprili 2023, polisi wa Kenya waliingia katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, upande wa Malindi. Walikuta watu waliodhoofika kwa njaa, na makaburi yaliyochimbwa haraka haraka. Miezi ilivyokwenda, miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini. Inadaiwa kwamba waumini hao waliambiwa wafunge kula hadi kufa, ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Kesi zipo mahakamani, na katika moja ya kesi hizo mashtaka ya mauaji yanahusu watoto 191. Soma tena namba hiyo, ndugu yangu. Mtoto hachagui dhehebu. Anakwenda anakopelekwa na mama na baba. Kisha, mwaka 2025, makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi, wakati wengi tulidhani kwamba somo la Shakahola limekwisha kueleweka.

Nasi Watanzania tusiyatazame haya kama mambo ya jirani. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walipoteza maisha wakikanyagana, wakikimbilia kukanyaga mafuta yanayoitwa ya upako. Wale hawakutaka kufa. Walitaka kupona, kupata kazi, kutoka katika madeni, kuona ndoa zao zikitulia. Walikwenda kuomba uzima, wakarudishwa nyumbani wakiwa marehemu.

Serikali za ukanda wetu zimejibu kwa njia yao. Rwanda, mwaka 2018, ilifunga mamia ya makanisa mjini Kigali, kisha ikatunga sheria inayowataka viongozi wa madhehebu wawe na shahada ya teolojia, ikawapa miaka mitano ya kujiandaa. Mwaka 2024 ukaguzi mwingine ulifunga nyumba za ibada zaidi ya 5,000. Kenya, baada ya Shakahola, iliunda kikosi kazi kilichopendekeza utaratibu mpya wa kusimamia taasisi za dini, na mjadala wa sheria hiyo umekuwa mkali, hata maaskofu na wachungaji wakiingia humo. Kwetu, jumuiya za dini huandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kila likitokea la kutokea, husikika sauti za kutaka masharti yakazwe.

Mimi siwapingi wanaotaka utaratibu. Serikali ina haki, tena ina wajibu, wa kuhakikisha jengo la ibada haliwaangukii watu, fedha za waumini zinafanyiwa hesabu, watoto hawazuiwi kwenda shule wala hospitali, na anayemdhuru mtu kwa jina la Mungu anafikishwa mahakamani kama mhalifu mwingine yeyote. Uhuru wa kuabudu haukuwekwa ili uwe kichaka cha kujificha. Hata hivyo, sheria ina mwisho wake. Inaweza kuweka kufuli mlangoni, lakini haiwezi kuingia moyoni mwa mtu na kumfundisha kuitambua sauti ya Mchungaji Mwema. Kundi lisilojua sauti hiyo, likifungiwa mlango huu, litatafuta mlango mwingine kesho asubuhi.

Vipi kuhusu shahada ya teolojia? Mimi nimepita seminari, na sitaidharau elimu ile. Kiongozi wa kanisa asiyesoma ni hatari, kama dereva wa basi asiye na leseni. Lakini historia inatukataza kudhani kwamba cheti cha kiongozi kinatosha. Hapa, ndugu zangu Wakatoliki, tusikimbilie kuwanyooshea wenzetu wa madhehebu mengine kidole.

Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya nyumba ya ibada iliyofungwa milango na madirisha. Baadaye miili mingine ikapatikana imefukiwa katika sehemu nyingine za kundi hilo. Kundi lile lilijiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu. Waanzilishi wake walilelewa katika Kanisa Katoliki. Walisali Rozari. Walidai kupokea ujumbe wa Bikira Maria. Mmoja wa viongozi wake wakuu alikuwa padri, tena msomi aliyepata masomo hadi Marekani. Kanisa lilikuwa limechukua hatua dhidi ya mapadri waliojiunga na kundi hilo, lakini waumini waliendelea kuwafuata. Walikuwa wametangaza kwamba dunia ingekwisha na mwaka 1999. Mwaka ukaisha, jua likachomoza kama kawaida, na baadhi ya wafuasi wakaanza kuuliza maswali. Kwao maswali yalikuja yakiwa yamechelewa.

Basi, kiongozi wa Kanungu alikuwa na elimu. Walichokosa wafuasi ni njia ya kuipima elimu yake. Ndiyo maana nasema kwamba elimu ya dini ikiishia kwa anayehubiri, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, ile kubwa, ni elimu ya anayesikiliza.

Sisemi haya kwa kuwalaumu waliokufa. Miongoni mwa waliokwenda Shakahola waliripotiwa kuwamo watu waliosoma na waliokuwa na kazi nzuri. Mtu anaweza kuwa na digrii ya uhasibu, lakini imani yake ikabaki ile aliyofundishwa akiwa darasa la nne. Anapofiwa, anapougua ugonjwa usio na jina, anapofukuzwa kazi, anaifungua ile imani ya utotoni na kukuta haina jibu la kumtosha. Mfa maji hukamata maji. Hapo anatokea mtu mwenye mstari mmoja wa Biblia, sauti ya uhakika, na namba ya simu ya kutuma sadaka.

Utaona hatua zake zinafanana kila mahali. Kwanza mtu anapewa faraja ya kweli: anaitwa kwa jina, anaombewa, anatembelewa. Pili, anaambiwa kwamba ndugu zake hawamwelewi na kanisa lake la zamani limelala. Tatu, anaambiwa aache jambo fulani: dawa, kisha shule ya watoto, kisha kazi. Nne, anaambiwa kwamba kuuliza ni kukosa imani. Akifika hatua ya nne, nani tena atamfikia?

Sasa fikiria mama mmoja, mwenye mtoto mgonjwa, ambaye mtu amekaa naye akamfundisha vizuri sura ya tano ya Injili ya Marko. Anajua kwamba Yesu aliingia nyumbani kwa Yairo, akamshika mkono binti wa miaka 12 aliyekwisha kufa, akamwinua. Na anajua jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: baada ya muujiza ule, agizo la Yesu kwa wazazi lilikuwa kwamba mtoto apewe chakula. Mwana wa Mungu, aliyemtoa mtoto mautini, alikumbuka kwamba ana njaa. Mama anayekijua kisa hicho, siku mtu atakapomwambia amnyime mwanawe chakula ili amwone Yesu, atakuwa na la kujibu. Atasema: Yesu ninayemfahamu mimi hakufanya hivyo. Jibu hilo halihitaji shahada. Linahitaji mtu wa kukaa naye, chini ya mwembe au sebuleni, na kufungua naye Injili.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, kinawasifu watu wa Beroya kwa sababu walimsikiliza Paulo kwa moyo, kisha kila siku wakayachunguza Maandiko waone kama mambo ndivyo yalivyo. Tazama waliyekuwa wanamchunguza: Mtume Paulo mwenyewe! Wala Maandiko hayasemi kwamba Paulo alikasirika, wala kwamba aliwalaani. Kiongozi wa kweli wa kanisa haogopi muumini anayeuliza. Kiongozi anayetisha watu kwa laana pale anapoulizwa habari za fedha, au za mafundisho yake, amekwisha kujitambulisha.

Kanisa letu la Afrika Mashariki lina ushahidi wake katika jambo hili. Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Mkuu wao, Lavigerie, alikuwa amewaagiza wasikimbilie kubatiza watu. Mtu mzima afundishwe miaka minne kwanza. Wengi waliona ni taratibu mno. Mwishoni mwa mwaka 1882 wamisionari hao walilazimika kuondoka, wakavuka hadi kusini mwa ziwa, upande wetu, na hawakurudi hadi 1885. Kwa karibu miaka mitatu Buganda haikuwa na padri wala Misa. Kwa hesabu za kibinadamu, kanisa lile changa lilipaswa kufa.

Halikufa. Walei waliokuwa wamefundishwa waliwafundisha wengine. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwaongoza vijana wa ikulu ya Kabaka. Andrea Kaggwa alikuwa katekista. Wamisionari waliporudi walikuta waumini na wakatekumeni wengi kuliko waliowaacha. Na mateso yalipokuja, mwaka 1885 na 1886, Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wanafundishwa, Kizito akiwamo. Leo tunawaadhimisha tarehe 3 Juni, na maelfu husafiri hadi Namugongo. Tunasifu damu yao, na ni haki. Tusisahau kwamba kabla ya damu kulikuwa na masomo.

Msomaji mmoja anaweza kuniuliza: Padri, mbona mashahidi nao walikufa kwa ajili ya imani? Swali ni zuri, na ndilo hasa ambalo muumini aliyefundishwa anapaswa kuweza kulijibu. Shahidi anauawa na mtu mwingine kwa sababu amekataa kutenda uovu. Hakuna katekista aliyewaamuru vijana wa Namugongo wajiue, wala aliyewaambia wawapeleke watoto wao mautini. Imani ya Kikristo inaweza kunidai uhai wangu katika kuitetea kweli. Haiwezi kunidai uhai wa mwanangu ili kumthibitisha nabii.

Tutazame sasa parokia zetu za leo. Mafundisho ya dini katika sehemu nyingi yamegeuka kuwa foleni ya kupata cheti. Mtoto anafundishwa majibu ya kukariri, anapokea Komunyo ya Kwanza akiwa amevaa nguo nyeupe, anapata Kipaimara, picha zinapigwa, na hapo masomo yake ya imani yamekwisha. Atarudi kufundishwa siku anapotaka kufunga ndoa, tena kwa semina fupi, akiwa na haraka. Kati ya Kipaimara na ndoa kuna miaka 10 au 15, na ndiyo miaka ambayo simu yake ya mkononi inamhubiria usiku na mchana.

Katika shule za serikali kipindi cha dini kipo kwenye ratiba, na mwalimu wake ni sisi wa kumpeleka. Mara ngapi kipindi kinafika, watoto wa Kikristo wamekaa darasani, na mwalimu hayupo? Tunalalamika kwamba vijana wanachukuliwa. Mahali pengine hawachukuliwi. Wanaokotwa.

Na yupo katekista. Wewe unayesali kigangoni unamjua. Yeye ndiye anayeongoza ibada ya Jumapili padri asipofika, anayeandaa wabatizwa, anayemtembelea mgonjwa, anayezika wafu mvua ikinyesha. Analima kama wengine ili ale. Akipewa posho ni kidogo, nayo huchelewa. Ukisikiliza matangazo ya baada ya Misa, mchango wa mnara unatajwa, mchango wa zulia unatajwa, vipaza sauti vipya vinatajwa. Mfuko wa katekista, kama upo, unatajwa watu wakiwa wameanza kusimama.

Kanisa halikosi maagizo juu ya hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya umisionari, ulisifu makatekista na kutaka waandaliwe vyema na watunzwe kwa haki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 231, inatambua haki ya walei waliojitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa kupata ujira wa kustahili hali yao. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya kudumu katika Kanisa zima, na mwezi Januari 2022 akawasimika makatekista wa kwanza mjini Roma. Karatasi tunazo. Kilichobaki ni bajeti ya parokia.

Najua yupo atakayesema kwamba watu wanaohama hawatafuti katekisimu, wanatafuta uponyaji. Ni kweli, na tusilipuuze jambo hilo. Mwenye maumivu ya mgongo hatapona kwa kufafanuliwa Utatu Mtakatifu. Kwa hiyo mafundisho lazima yakae karibu na mateso ya watu. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anataka mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Mafuta tunayo, na ni ya bure. Lakini ni waumini wangapi wanajua kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya kumuaga anayekata roho, bali ni ya kumtia nguvu aliye hai na mgonjwa? Asiyelijua hilo hatamwita padri wake. Atapanda basi kwenda kununua mafuta mjini.

Maaskofu wa AMECEA walipoamua, katika miaka ya 1970, kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kazi ya kichungaji, walikuwa na nia ya namna hiyo: majirani wachache wanaofahamiana, wanaosoma Neno pamoja na kubebana mizigo. Katika jumuiya hai, nyumba ikianza kukataa dawa, majirani wanajua wiki ile ile. Mtoto akiachishwa shule, kuna atakayeuliza. Jumuiya iliyobaki kuwa mahali pa kukusanyia michango na zaka haitaona lolote hadi polisi waje.

Kwa hiyo, nini kifanyike? Nasema mambo manne. La kwanza, halmashauri ya walei katika kila parokia iweke fungu la katekista na mafunzo yake kabla ya fungu la jengo. Mnara unaweza kungoja mwaka mmoja, mtoto hangoji. La pili, kuwe na darasa la watu wazima, hata la saa moja kwa wiki, ambamo maswali yanaruhusiwa, hata yale yanayomtoa padri jasho. La tatu, kipindi cha dini shuleni kisikose mwalimu. Tuna walimu wastaafu wengi wenye imani na wenye muda. Waombwe, waandaliwe, wapewe nauli. La nne linawahusu wazazi. Timotheo alipokea imani kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kama Paulo anavyomkumbusha. Samaki mkunje angali mbichi. Baba na mama wanaomwachia katekista kazi yote wanamtwika mzigo wa watu watatu.

Na wewe kiongozi mwenzangu, uwe padri, mchungaji, mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya, jipime kwa kipimo cha Buganda. Ukiondoka leo kwa miaka mitatu, utawaacha watu wanaoweza kulishika Neno bila wewe? Ikiwa wanakutegemea kwa kila kitu na hawawezi kukuuliza kitu, usifurahie wingi wao. Nabii Ezekieli, sura ya 34, anasema maneno mazito juu ya wachungaji wanaojilisha wenyewe.

Leo baada ya ibada, ndugu msomaji, mtafute katekista wako. Muulize anafundisha watoto wangapi, ana vitabu vingapi, na mara ya mwisho alipelekwa mafunzoni lini. Kisha wakati wa chakula cha mchana waulize watoto wako walifundishwa nini wiki hii juu ya Yesu. Wakikosa la kusema, usiwagombeze. Chukua Injili ya Marko, sura ya tano, soma nao hadi mstari wa mwisho, pale Yesu anapoagiza mtoto apewe chakula.

Nawatakieni Jumapili njema.